"Jina la Mume Wangu Halijawahi Kushika Chaki": Mwaka Mzima wa Kuwaenzi Wake Zetu Walimu

Mke wangu alistaafu Agosti 2023, wiki ya kufunga shule za muhula wa pili. Alikuwa ametimiza miaka 60, na 36 kati ya hiyo aliitumia darasani. Siku hiyo nilikwenda kumchukua kwa gari. Lango la shule yake, hapa Eastlands, Nairobi, nililijua vizuri, maana nilikuwa nimemshusha pale asubuhi nyingi za mvua. Lakini sikuwa nimewahi kuingia ndani. Nilingoja nje kama kawaida mpaka mvulana mmoja akaja mbio kuniambia kuwa sanduku la Mwalimu ni zito na ananihitaji.

Nikaingia. Walimu walikuwa wamekaa chini ya mti, watoto wa darasa la nane wamepanga mistari miwili, na mwalimu mkuu alinipa mkono akiuliza, "Wewe ndiwe bwana wa Mwalimu?" Nikasema ndimi. Kwa saa nzima niliyokaa pale sikuwa na jina lingine. Nilisikiliza watu wakimzungumzia mwanamke niliyeishi naye tangu 1988, na nusu ya waliyoyasema sikuyajua. Sikujua kwamba alikuwa akinunua sodo za wasichana kwa pesa zake. Sikujua kwamba mvulana mmoja aliyekuwa akilala sokoni alipata kitanda kwa jirani kwa sababu ya miguu ya mke wangu, aliyetembea nyumba hadi nyumba kumtafutia. Nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la sherehe. Tulichukua mwaka mzima kulitekeleza, tukapoteza pesa, na tukawaumiza baadhi ya wale wale tuliotaka kuwaheshimu. Nayaandika haya kwa sababu nimeshaulizwa na makundi mawili ya wanachuo wa zamani tulifanyaje, na kuwaonyesha picha za siku yenyewe tu kungekuwa kuwadanganya.

Sisi ni kundi la watu 44 tuliosoma pamoja Kenya Polytechnic, pale barabara ya Haile Selassie, katikati ya miaka ya themanini. Chuo kile kilifunguliwa 1961 na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, lakini sisi bado tunakiita Poli. Tulitoka mafundi umeme, mafundi mitambo, wapima ardhi, watu wa maabara. Hukutana kila Desemba tukala nyama, tukazikana inapobidi, tukachangiana karo. Wake zetu huja. Tunawaita shemeji, nao hututania, na kwa miaka yote hiyo tuliamini kwamba tunafahamiana.

Nilipoomba orodha ya wale ambao wake zao ni walimu au waliwahi kuwa, nilitarajia kumi. Wakafika 31. Si ajabu ukikumbuka miaka ile: kijana fundi mwenye kazi mjini alikuwa akioa mwalimu, na wazazi wa pande zote wakafurahi. Jambo ambalo hatukuwa tumelihesabu ni lililofuata. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa 2000, mashirika yalipovunjwa na viwanda kupunguza watu, mafundi wengi wa rika letu walirudi nyumbani na barua. Mimi nilipewa yangu mwaka 2000. Kwa miaka minne nyumba yetu ilikula, ikalipa kodi na ikasomesha watoto watatu kwa mshahara wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mkopo wa ushirika wa akiba wa walimu aliokatwa mwezi baada ya mwezi. Nilipouliza wenzangu mmoja mmoja, kwa simu, wangapi walipitia hayo, walikuwa 17. Mmoja alilia. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu kwamba karakana yake ya kuchomelea vyuma ilianzishwa kwa mkopo ambao mkewe, mwalimu wa Kangemi, aliulipa kwa miaka mitano.

Kwa hiyo nia ilikuwa njema. Kamati ikaundwa ya wanaume saba.

Kosa la kwanza ni hilo lenyewe, wanaume saba. Tulitaka iwe siri ili tuwashangaze, na siri hiyo ilitugharimu karibu kila kitu kilichofuata. Tulichagua Jumamosi ya mwisho ya Novemba 2023. Tukalipia ukumbi wa hoteli moja amana ya shilingi 20,000, nusu ya bei. Hakuna mwalimu hata mmoja kwenye kamati, basi hakuna aliyetukumbusha Novemba ni nini kwa mwalimu wa Kenya. Mwaka ule ulikuwa na KCPE ya mwisho kabisa, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, na KCSE, ule wa kumaliza sekondari, ikafuata hadi mwishoni mwa mwezi. Kati ya shemeji zetu, watano walikuwa wasimamizi wa mitihani na wanne walikuwa wasahihishaji, wale wanaohamia kwenye shule za kusahihishia na kulala huko mpaka kazi iishe. Tulipowadokezea wiki mbili kabla, "msiwe na safari siku hiyo," simu zikaanza kuingia. Tukaahirisha. Mwenye ukumbi alikataa kurudisha amana, na mkataba ulikuwa upande wake, kwa sababu sisi tulitia sahihi bila kuusoma ukurasa wa pili.

Ukitaka kumwalika mwalimu, anza na kalenda ya mihula. Wiki ya kwanza na ya mwisho ya muhula usiziguse. Muhula wa tatu uache kabisa, hata kama tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani tangu 1994, inakuvutia. Sisi wenyewe tuliitamani, lakini mwalimu wa darasa la mtihani hana Oktoba.

Basi tukasema Aprili 2024, likizoni, Jumamosi ya tarehe 27. Hapo wake zetu walikuwa wameshajua, na wawili wakaombwa kuingia kwenye kamati "kusaidia chakula". Naona haya kuyaandika maneno hayo lakini ndivyo tulivyosema.

Wakati huo ndipo vyeti vilipochapishwa. 31, kwa shilingi 350 kila kimoja, karatasi nzito yenye ukingo wa dhahabu. Katibu alichukua orodha ya wanachama na kuandika kila cheti kwa jina la mume: Bi. Fulani, mke wa Mhandisi Fulani, kwa mchango wake katika elimu. Tuliviona vizuri. Nilikipeleka kimoja nyumbani kwa mmoja wa wale wawili wa kamati, mwalimu wa watoto viziwi, ili akague tahajia tu. Alikisoma mara mbili, akakiweka mezani, akaniwekea chai. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, jina la mume wangu halijawahi kushika chaki."

Akanieleza. Anafundisha tangu 1990. Amejifunza lugha ya ishara wakati hakuna aliyeitilia maanani, kabla ya Katiba ya 2010 kuitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na kuitaka serikali iikuze. Watoto wake wamempa jina la ishara, vidole viwili vinavyogusa shavu mahali alipo na kishimo akicheka, na hilo ndilo jina analojulikana nalo na mamia ya watu wazima walio Nairobi leo. Lipo jina lililo kwenye barua ya Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), ambalo ni la baba yake, kwa kuwa aliajiriwa kabla hajaolewa. Na lipo "Mama" wa kifungua mimba wake, analoitwa mtaani. "Mnaniheshimu kwa kazi yangu," akasema, "halafu mnaniandikia jina ambalo kazini halipo."

Nilikumbuka saa ile moja nilipokuwa bwana wa Mwalimu. Mimi haikuniumiza, kwa kuwa ilikuwa saa moja.

Tukavitupa vyote 31. Nikapiga simu kwa kila mmoja, safari hii si kupitia mume, nikauliza swali moja: cheti chako kiandikwe jina gani? Majibu yalinifunza kuliko nilivyotarajia. 14 walitaka jina la nambari ya TSC, lile waliloajiriwa nalo. Tisa walitaka majina yote mawili. Sita walisema jina la mume ni sawa, wamelibeba na kulipenda, lisitolewe. Mmoja, mwalimu wa madrasa huko Pumwani, aliomba aandikwe Ustadha na jina lake na la babake, basi. Na mmoja alitaka neno "Mwalimu" tu litangulie badala ya "Bi." Usikisie. Hata huyo unayelala naye kitanda kimoja, muulize. Wangu alichagua majina mawili, na mpangilio wake haukuwa ule niliodhani.

Orodha nayo ilikuwa na mashimo. Katibu alikuwa ameandika walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu pekee, kana kwamba asiye na nambari ya TSC hafundishi. Mwalimu wa chekechea wa Mathare hakuwemo. Huyu amefundisha tangu 1992 katika shule ya mabati, akilipwa na wazazi, na mwezi ambao wazazi hawana, yeye pia hana. Mwalimu wa elimu ya watu wazima hakuwemo, aliyeanza kama kijana kwenye kampeni ya kisomo ya 1979 na bado anawafundisha kina mama wa Kawangware kusoma jioni wakishafunga vibanda. Wa madrasa pia hakuwemo mpaka mumewe alipouliza kwa sauti ya kuumia. Tulipowaongeza hawa na kuwaondoa watatu walioandikwa kimakosa (walikuwa makarani wa shule, watu muhimu lakini si walimu), hesabu ikarudi 31 ile ile, ndiyo maana bajeti haikubadilika. Heshima ndiyo iliyobadilika.

Kikao kigumu kuliko vyote kilihusu wawili: mmoja aliyeachana na mwenzetu mwaka 2009, na mmoja aliyefariki. Kuhusu aliyeachika, baadhi walisema si mke wa mwanachuo tena. Mabishano yalichukua saa tatu, na nilisema mambo ambayo baadaye niliyaombea radhi. Jambo lilikatwa na mwanachuo mwenyewe, aliyesimama na kusema kwamba mitihani yake ya mwisho ya diploma ililipiwa na yule mama akiwa mwalimu asiye na mafunzo, kwa mshahara mdogo ajabu, na kama hataalikwa, yeye pia asialikwe. Nadhani sijawahi kumheshimu rafiki yangu huyo kama siku ile. Marehemu alifariki 2021 wakati wa korona, miezi michache baada ya shule kufunguliwa zote Januari ile. Mumewe hakutaka cheti. Alitaka mtu asimulie alivyopeleka kazi za shule mlango hadi mlango, Umoja na Kayole, miezi yote ambayo watoto walikuwa nyumbani tangu Machi 2020, kwa sababu wanafunzi wake hawakuwa na simu za masomo ya mtandaoni.

Pesa. Tulikubaliana shilingi 3,000 kila mwanachama, jumla 132,000, zitumwe kwa M-Pesa kwenye simu ya mweka hazina. Mweka hazina wetu ni mwaminifu, na ndiyo maana nasema hili bila woga: usitumie simu ya mtu. Pesa za kundi zilichanganyika na za unga na za karo za nyumbani kwake. Halafu simu ikaibwa akiwa steji, na ujumbe wote wa malipo ukaenda nayo. Ilichukua wiki tatu kupata taarifa ya miezi sita ya akaunti na kulinganisha majina, na katika wiki hizo watu wazima walitazamana vibaya. Mtu aliyekuwa ametuma mapema akaulizwa tena. Fungueni akaunti ya kundi yenye watia sahihi watatu, au nambari ya malipo ya kundi, na orodha ya waliolipa isomwe kila Ijumaa. Itamkinga mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote.

Tulikadiria 150,000 kwa jumla. Tulimaliza 240,200. Ukumbi uliopotea ulikula 20,000, na ukumbi wa kanisa uliotumika ulikuwa 15,000 tu, mkubwa zaidi na wenye maegesho. Chakula cha watu 140 kwa 650 kila mmoja kilikuwa 91,000. Vyeti mara mbili, 21,700. Kijitabu, 24,000. Nauli za waliotoka mbali 14,000, vipaza sauti 8,000. Zawadi 46,500, ambazo nitazieleza. Kadirio lolote utakaloandika, liongeze nusu yake.

Aprili 27 nayo haikuwezekana. Mvua za mwaka huo Nairobi inazikumbuka. Wiki ile ile mto Mathare ulifurika usiku na kubeba nyumba na watu, na shule zote nchini zikachelewa kufunguliwa mpaka Mei. Mwalimu wetu wa chekechea alipoteza madarasa mawili, madawati madogo, na sanduku la vibao vya herufi alivyovichonga na kuvipaka rangi kwa miaka. Tulikutana Jumapili kwa dharura, na uamuzi huu ndio pekee ninaojivunia kwamba tuliufanya haraka. Shilingi 60,000 za sherehe zikaenda kununua mabati na mbao, na mafundi sita wa Poli, wenye umri wa miaka 60 na kitu, wakaenda na misumari yao. Kazi ilichukua siku nne. Yeye alisimama pembeni akiwafundisha watoto kuhesabu kwa kelele za nyundo zetu. Zile 60,000 tulizichanga upya, na safari hii hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Baada ya hapo wanawake waliingia kwenye kamati kikamilifu, watano dhidi ya wanne wetu, na mambo yakaanza kwenda. Tarehe waliichagua wao: Jumamosi, 17 Agosti 2024, katikati ya likizo. Menyu wakaipunguza. Hotuba za wanaume, ambazo kwenye ratiba yetu ya kwanza zilikuwa tisa, wakazifanya moja ya dakika tano.

Na zawadi. Sisi tulikuwa tumefikia chupa za chai na leso zenye maandishi. Mwalimu wa viziwi akatuuliza, kwa nini hamkuuliza? Tukauliza. Jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote ni miwani. Wamesahihisha madaftari kwa taa ya chemni, kwa mshumaa, kwa mwanga wa jiko, miaka na miaka, watoto wamelala, sisi tumelala. Wengi walikuwa wakisomea miwani ya kuazima au ya kuokota sokoni bila kupimwa. Tukamwita mpimaji wa macho aje ukumbini asubuhi hiyo na vifaa vyake, na kila mmoja akapata miwani ya kusomea kwa shilingi 1,500. Foleni ya kupima macho ilikuwa mahali penye maneno matamu kuliko mahali popote siku ile. Watu waliopoteana tangu chuo cha ualimu walikutana pale.

Kijitabu kilikuwa kazi yangu, na kama una pesa za jambo moja tu, fanya hili. Kila mwalimu kurasa mbili: picha, shule alizofundisha, na simulizi fupi kwa maneno yake. Nilifanya makosa mwanzoni. Nilikwenda nyumbani kwao jioni na mume akiwa ameketi pale pale, naye akawa anajibu. Unauliza, "Mwalimu, ulianza lini?" Mume: "Ooh, ilikuwa themanini na sita." Baadaye nikajifunza kwenda mchana, au kukutana nao shuleni, na kuomba kwanza kuona kitu: sajili ya zamani, barua ya kuajiriwa, picha ya darasa. Kitu hufungua mdomo kuliko swali. Miaka ihakikishe kwa barua, maana kumbukumbu huchanganya mwaka wa kupandishwa cheo na mwaka wa mtoto wa tatu. Na kabla ya kuchapisha, mrudishie kila mtu maneno yake ayasome. Mmoja alinisimulia alivyosumbuliwa na mkubwa wake akiwa mwalimu mchanga, akalia, kisha wiki iliyofuata akaniomba nilitoe. Nililitoa. Lilikuwa lake.

Nilimhoji mke wangu wa mwisho. Niliogopa. Tulikaa jikoni saa nne za usiku, naye akaniuliza kama naandika kweli au nafanya mchezo. Akanisimulia Januari 2003, serikali ilipofuta karo za shule za msingi na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia darasani nchi nzima. Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto 48 mwaka uliotangulia. Jumatatu ile walikuwa 112. Walikaa sakafuni, madirishani, wengine wawili wawili kwenye kiti kimoja. Kulikuwa na msichana wa miaka 14 aliyekaa nyuma akijificha kwa aibu, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye kazi ya nyumba ya watu. Mke wangu alimpa kazi ya kugawa chaki na kuwafunga wadogo viatu, ili awe na sababu ya kusimama akiwa mrefu. Huyo dada sasa ana kibanda cha kushona nguo za shule pale Jogoo Road na anaandika hesabu zake mwenyewe.

"Mwaka huo," mke wangu akasema, "ndio uliokuwa ukilalamika kwamba chakula kinachelewa."

Ni kweli. Sikuwa na kazi, nilikuwa nyumbani mchana kutwa, na nililalamika. Aliporudi kusoma shahada Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa ule mpango wa walimu kusoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, nililalamika tena kwamba nyumba haina Krismasi. Alimaliza akiwa na miaka 47. Siku ya mahafali nilikwenda, nikapiga picha, na nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyoitaja shahada hiyo. Niliyaandika hayo yote kwenye kurasa zake mbili. Aliyasoma akiwa amevaa miwani ya zamani iliyofungwa kwa uzi, akasahihisha koma tatu kwa kalamu nyekundu, na akaacha mengine yalivyo.

Siku yenyewe ilianza saa nne na kumalizika saa kumi na moja jioni. Sitaisimulia yote. Tulimwomba kila mwalimu aalike mwanafunzi mmoja wa zamani, na hao ndio waliozungumza badala yetu. Alikuja dereva wa matatu, daktari wa meno, mama wa mboga, mwalimu wa sekondari ya msingi aliyeajiriwa kama mwanagenzi na ambaye alifundishwa Kiswahili na mmoja wa shemeji zetu huko Wajir, miaka sita ambayo mume na watoto walikuwa huku Nairobi na yeye kule, akituma nyumbani mshahara na marupurupu ya mazingira magumu. Kijana kiziwi alitoa hotuba kwa ishara, na ukumbi mzima ukajifunza kupiga makofi kwa kuinua mikono juu na kuitikisa. Binti wa marehemu aliyezungumziwa awali alisoma orodha ya milango mamake aliyopita mwaka 2020. Aliipata ndani ya Biblia, imeandikwa kwa mkono: jina la mtoto, nyumba, kazi aliyopelekewa, alama ya vyema aliporudisha.

Mwaka 2019 Mkenya Peter Tabichi alipotangazwa mwalimu bora duniani na kupewa dola milioni moja, walimu wengi walifurahi kwa machozi, mke wangu akiwemo. Alisema usiku ule kwamba kumbe mtu anaweza kuonekana. Mimi nilisikia nikaendelea kutazama habari za michezo. Agosti 17, jina lake lilipoitwa kwa mpangilio aliouchagua, nilikuwa nimesimama mlangoni nikisaidia kupanga magari. Nililisikia kupitia dirishani, nikaacha magari.

Kijitabu kina walimu 22. Tisa hawakuwahi kuhojiwa, wengine kwa sababu ya umbali, wengine kwa sababu mwanzoni walidhani ni mzaha wa waume zao. Nimeshawapigia wote tisa. Wa kwanza ni yule wa Kangemi aliyelipia karakana, na tumekubaliana Alhamisi. Bado anafundisha wawili watatu wa jirani wanaochelewa kusoma, kibarazani kwake, na ameniambia nifike saa kumi na nusu, si kabla, kwa sababu saa kumi watakuwa wakisoma kwa sauti na hataki wakatizwe. Nitakaa nje ningoje wamalize.